Kijito Kilipoyatema Mawe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umelalia nyasi, na mzee mmoja mwenye gambuti zilizozibwa kwa viraka vya tyubu ya baiskeli anatembea taratibu kando ya kijito. Mkono wa kushoto ana daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wa kulia ana penseli.

Ukingoni vimechomekwa vijiti kumi na vitatu, vimepakwa mistari myeupe na myekundu. Kila kimoja anakisalimia.

"Habari yako, namba moja. Umelalaje?" Anainama, anaangalia maji yamefika mstari gani, anaandika. "Namba mbili, wewe leo umenenepa."

Kazi hii huifanya kila siku kabla ya chai, Jumapili zikiwemo, na huu ni mwaka wa sita.

Namba nane anaiambia ijikaze, imeanza kuegemea upande. Kisha anainua kichwa kuitafuta namba tisa. Haipo.

Ukingo wenyewe haupo. Mvua ya usiku imeumega kipande cha hatua kumi hivi, na udongo mwekundu umelala ndani ya maji kama ng'ombe aliyeanguka. Kwenye ukuta mpya ulioachwa wazi yametokeza mawe. Ni mapana na bapa, yamerundikana ovyo kama sahani kwenye beseni la kuoshea. Juu ya jiwe la mbele kuna mikwaruzo minne, imenyooka, inakwenda sambamba.

Penseli inamdondoka. Anatazama nyuma, anatazama ng'ambo. Hakuna mtu. Kuna sepetu iliyosahauliwa njiani na vibarua wa jana. Anaichukua, anashuka hadi penye mawe, anaanza kuyafukia.

Anachota udongo na kuurusha, anachota na kuurusha, pumzi zinamwishia. Amefunika mawe matatu sauti inapomfikia kutoka juu.

"Mzee Kamba! Usiguse kitu!"

Ni kijana mtaalamu wa mito, ambaye vibarua wamempachika jina la Profesa wa Matope. Anashuka mteremko mbio, anateleza, anakaa chini bila kupenda, anainuka suruali ikiwa imebadilika rangi. Nyuma yake anakuja mwandishi wa gazeti, aliyealikwa siku hiyo kuona kijito kilichofufuka.

"Umejionea mwenyewe," Profesa anamwambia mgeni huku akihema. "Sisi ndiyo kwanza tunashuka kwenye gari, mwenzetu ameshaanza kuziba ukingo. Huyu mzee alikosea tu kuzaliwa mtu, alitakiwa azaliwe kambare!"

Mzee anaegemea sepetu. Uso umemshuka. Anatazama gambuti zake kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mimi ni kibarua tu," anasema. "Mwandikeni Profesa."

*

Mzee Kamba ana umri wa miaka hamsini na tisa, ana wajukuu wanne, na ndiye msimamizi wa vibarua wanane wanaokitengeneza kijito hiki. Kinapita katikati ya ekari mia tatu na themanini za ardhi ya mtu binafsi, ardhi ambayo mwenyewe ameitenga iwe hifadhi. Hailimwi, hailishwi mifugo, na hakuna mti unaokatwa.

Mwenye ardhi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Alikuwa na duka la dawa mjini. Baba yake alipofariki alifunga duka, akarudi nyumbani. Vibarua humwita Binti Mzee, kwa sababu baba yake aliitwa Mzee tu, na kila mtu alijua ni mzee gani anayesemwa.

Kazi ni ya mikono zaidi kuliko mashine. Wanachomeka magogo kukatisha mkondo, wanasuka fito katikati yake, wanajaza matawi, wanapanda matete. Maji yanapungua mwendo, yanatua tope lao, na tope likitua sakafu ya kijito inapanda. Kwa miaka sita wamejenga vizuizi sitini na viwili. Mahali palipokuwa na korongo la kina cha mita nne, leo ni mita mbili na kidogo. Kwenye bonde la juu chemchemi moja imerudi.

"Huyu anakijua kijito kuliko anavyomjua mkewe," anasema kibarua mmoja mwenye kipara, akimwonyesha Kamba kwa kidevu. "Profesa anapiga mahesabu siku mbili. Mzee Kamba anasimama, anatema mate majini, anasema, 'Hapa hapana, sogea hatua tatu.' Na ndipo panapokuwa."

"Mwongo huyo, simtemei mtu mate," Kamba anajibu. Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.

Sifa zinamchoma kila zinapotajwa, na jina ndilo linalomchoma zaidi.

Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa dereva wa katapila. Kabla ya kuchimba alikuwa akipigilia vigingi viwili, anafunga kamba kutoka hiki hadi kile, halafu anaifuata kwa kijiko cha mashine bila kwenda pembeni hata upana wa kiganja. Watu walikuwa wakiacha shughuli zao waje kumtazama. Mtaro wake ungeuwekea rula. Wakamwita Kamba, naye akalivaa jina hilo kama nishani.

Miaka ishirini na minane iliyopita alikuja na katapila lake hapa hapa.

Kijito wakati huo kilikuwa na mikunjo saba. Mzee alikuwa mkulima, aliona mikunjo inamlia ardhi, akataka maji yapite moja kwa moja. Akakodi mashine pamoja na dereva wake. Amri ilikuwa fupi.

"Mikunjo ondoa yote," Mzee alimwambia. "Ila ule mwamba wa chini, kule mpakani, uuache. Maji yakifika pale yanapumzika."

Alilisema hilo siku ya kwanza. Akalirudia siku ya nne, akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, anampeleka mkewe hospitali ya mjini. "Kijana, mwamba wangu."

"Sawa, Mzee."

Siku ya tisa mstari ukafika kwenye mwamba. Ulikuwa umelala mshazari kukatisha kijito, na ulilazimisha maji yageuke kushoto hatua sita kabla ya kuanguka. Kamba alishuka kwenye mashine, akasimama nyuma ya uzi wake, akafumba jicho moja. Mita mia nane zilikuwa zimenyooka, halafu pale mwishoni mstari ukapinda, kama shati jipya lililofungwa kifungo kwenye tundu lisilo lake.

Alivuta sigara moja. Akaizima. Akawasha mashine.

Kufikia mchana mwamba ulikuwa vipande. Alichimba shimo ukingoni, akavisukumia humo, akavifunika kwa udongo, akapitisha mashine juu mara tatu kushindilia. Mzee aliporudi alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Mwamba wangu uko wapi?"

"Ulikuwa umeoza, Mzee. Ulimeguka wenyewe."

Mzee alimtazama. Kisha akayatazama maji. "Haya," akasema, akarudi nyumbani.

Mvua ya kwanza ilichonga ngazi ya kimo cha goti pale mwamba ulipokuwa. Ya pili ikaishusha hadi kiunoni. Kuanzia hapo kijito kikawa kinajila chenyewe. Kila msimu ile ngazi ilipanda kuelekea chanzo cha kijito hatua kumi na tano au ishirini, ikiacha korongo nyuma yake, na chemchemi za bonde zikakauka moja baada ya nyingine. Huku chini, maji yaliyozoea kupumzika yakawa yanapita kwa kasi na tope, yakigonga kiwanja cha jirani.

Jirani huyo ni muuguzi mstaafu, anaitwa Nesi mpaka leo. Kijito kilichukua bustani yake. Mwaka uliofuata kikachukua choo. Halafu, alasiri moja akiwa anaanika nguo, akaona jiko lake linatembea. "Nilidhani ni kizunguzungu," anasema. "Nikajipima presha. Iko sawa! Kumbe ni jiko."

Lawama zote zilimwangukia Mzee. Ndiye aliyeleta mashine, ndiye mwenye ardhi, ndiye aliyetaka mto unyooke. Dereva wa kukodi nani angemuuliza? Watu wakapunguza kumsalimia Mzee, mwishoni wakaacha kabisa. Alipofariki, miaka saba iliyopita, waliofika mazikoni walitosha kwenye basi dogo, na viti vikabaki.

Kamba alikuwa mmoja wao. Alibeba jeneza upande wa mbele, kulia, akilia kwa sauti. "Huyu ana shukrani," watu walinong'onezana. "Alimfanyia kazi siku chache tu, lakini hajamsahau."

Mwaka uliofuata Binti Mzee alipoanza kutengeneza kijito, Kamba alikuwa wa kwanza kusimama getini, kabla hata tangazo la kazi halijabandikwa. Alikuwa ameuza jaketi lake la udereva. Akasema mashine hataki tena, anataka jembe.

*

Mara moja tu alikaribia kusema.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Binti Mzee aliwaita majirani wote kwenye stoo ya zana. Akasimama mbele yao, akawaomba radhi kwa niaba ya baba yake. Alisema baba yake aliwaharibia, na yeye amebeba jina lake, kwa hiyo amebeba na hilo.

"Pole hairudishi jiko," Nesi alimjibu kutoka mstari wa mbele.

"Najua, mama."

"Unajua nini? Ulikuwa bweni."

Kamba alikuwa amesimama nyuma, karibu na matoroli. Aliona kwamba yule mwanamke anakaribia kulia mbele ya watu. Akapiga hatua moja mbele. Stoo nzima ikageuka kumtazama. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Viti vimetosha?"

Usiku huo alimweleza mkewe yote. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona, kisha akakata uzi kwa meno.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Miaka yote kitanda hiki tunalala watatu. Mimi, wewe na hilo jiwe. Na jiwe ndilo linavuta shuka."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Mkewe hakumuuliza tena, ila kila Kamba akitoka asubuhi humwambia kitu kimoja. "Nisalimie jiwe."

*

Saa tatu asubuhi, vibarua wote wameshafika penye ukingo uliomegeka. Chai inapita mkono kwa mkono kwenye vikombe vya plastiki. Aliyeleta chai anadai namba tisa imetoroka kwa sababu imechoka kuulizwa ililalaje, na kicheko kinazunguka.

Profesa amepiga magoti matopeni, anayafuta mawe kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Anapofika kwenye mikwaruzo minne anatulia. Anaingiza vidole vyake ndani, kimoja kimoja.

"Haya ni meno ya katapila," anasema.

Vicheko vinakatika. Binti Mzee ndiyo kwanza anafika, gambuti mguuni, kofia ya majani mkononi. "Meno ya nini?"

"Huu ndio ule mwamba tuliokuwa tunaukosa kwenye mahesabu. Siku zote najiuliza, kijito hiki kilishikiliwa na nini hapo zamani? Kilishikiliwa na huu." Profesa ana furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta, hajaona uso wa tajiri wake. "Haukumeguka, umevunjwa. Halafu ukafichwa. Tazama, udongo wa juu umeshindiliwa."

"Ukafichwa na nani?"

Maji yanapita.

"Mbona nauliza," Binti Mzee anasema, na sauti yake imekuwa ndogo. Anakaa juu ya jiwe mojawapo. "Baba aliniambia mwamba ulioza, ukameguka wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamuuliza tena ukubwani, akanijibu vilevile, neno kwa neno. Nilimtetea kwa hilo. Nilisema, alinyoosha mto, ndiyo, alikosea, lakini mwamba hakuugusa." Anaivunjavunja kofia magotini. "Kumbe alinitazama machoni akanidanganya."

Kamba amesimama hatua mbili kutoka kwake. Uongo ule anaujua. Ni wake, aliutunga mwenyewe ukingoni hapa hapa, na Mzee alichofanya ni kuupokea na kumpa mwanawe, kama mtu anavyopokea noti bandia na kuitoa bila kujua.

"Mama, nina neno," Kamba anasema.

"Sema, baba."

Vibarua wanamtazama. Mwandishi ameinua kalamu.

"Haya mawe yanafaa bado," anasema. "Tunaweza kuyarudisha mahali pake."

Binti Mzee anainuka, anamshika bega. "Asante, baba. Wewe ndiye unayenipa moyo hapa."

Kamba anatamani ardhi impasukie. Imepasuka tayari, hatua mbili mbele yake, na haikumsaidia kitu.

Ng'ambo ya kijito pameshasimama mtu. Nesi amekuja na mwavuli na khanga yake begani, habari zimemfikia kabla ya chai yake.

"Kumbe mwamba wangu mlikuwa nao humo!" anapaza sauti. "Miaka yote mnanipa pole, mwamba mmeufukia kama mkaa!"

"Hatukujua, mama," Binti Mzee anajibu.

"Wewe hukujua. Baba yako alijua. Alikuja kwangu jiko lilipokwenda, amebeba mabati kichwani, mtu mzima yule. Nikamwambia rudi nayo. Siku ile nilijiona nina roho mbaya, nilikosa usingizi." Anafunga mwavuli wake kwa kishindo. "Leo nitalala."

Binti Mzee anamgeukia mwandishi.

"Andika," anasema. "Andika kwamba baba yangu alivunja mwamba, akauficha, akadanganya majirani na akanidanganya mimi. Na andika kwamba hifadhi hii haitaitwa tena kwa jina lake. Kibao cha getini nakiondoa leo, kwa mkono wangu. Mzee Kamba, nitafutie ngazi na spana."

*

Stoo ya zana ina dirisha moja na harufu ya mafuta ya taa. Spana zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, na nyuma ya kila moja Kamba amechora umbo lake kwa chaki ili irudi mahali pake. Spana ya kumi na saba anaijua kwa kuigusa tu. Lakini anakaa juu ya mfuko wa saruji na kuzitazama, kama mgeni asiyejua ashike ipi.

Anatoa simu.

"Mama watoto, yametoka."

"Nini kimetoka?" Cherehani inasikika nyuma yake.

"Mawe."

Cherehani inanyamaza. "Yote?"

"Yote. Na meno yanaonekana."

"Wamejua?"

"Wanasema ni marehemu. Gazeti liko hapa, linaandika. Binti anakwenda kung'oa jina la baba yake getini. Amenituma spana."

Upande wa pili kiti kinasogezwa.

"Sikiliza, baba watoto," mkewe anasema, bila mzaha wa kila siku. "Ukishindwa kusema, rudi tu nyumbani, chakula kitakuwepo. Lakini hiyo spana usimpe. Hilo tu. Usimpe kwa mkono wako."

Anakata simu.

Kamba anabaki na simu sikioni. Anajiambia kwamba marehemu haumizwi na gazeti. Anajiambia kwamba ana miaka hamsini na tisa, na kazi nyingine hapati. Anajiambia kwamba vibarua wanane wanamwita mzee kwa heshima, na kesho watamwitaje? Anajiambia kwamba binti ameshazoea kumwonea baba yake aibu, amezoea miaka sita. Neno hilo la mwisho linamfanya ainuke, kwa sababu amelisikia jinsi lilivyo.

Hata hivyo spana anaibeba. Na ngazi.

*

Geti liko barabarani, na kibao kiko juu yake. Ni ubao mpana uliochongwa jina la Mzee kwa herufi kubwa, na chini yake neno "Hifadhi". Umeshikiliwa na bolti nne. Vibarua wamekuja wote, lakini wamesimama mbali, hakuna anayetaka kuonekana anashiriki. Nesi yuko njiani kurudi kwake, naye amesimama. "Ningekuwa mimi," anasema, "kibao hiki kingekuwa kuni siku nyingi."

Binti Mzee anaunyosha mkono bila kutazama. Kamba anaitazama spana yake. Mkono ule unangoja. Kisha mwanamke anaichukua mwenyewe, kwa upole, kama anayemsaidia mzee aliyechoka, na anapanda.

"Nishikie ngazi, baba."

Anaishika. Juu yake nati ya kwanza inalia kwa kutu, inakataa, inakubali. Bolti inaanguka na kugonga lami karibu na mguu wake. Kibao kinainama upande mmoja.

"Shuka," Kamba anasema.

"Bado tatu."

"Shuka, mwanangu."

Katika miaka yote hajawahi kumwita hivyo. Siku zote ni "mama", kama tajiri anavyoitwa. Binti Mzee anatazama chini, anaona mikono ya mzee inavyotetemesha ngazi, anashuka haraka akidhani ni mgonjwa.

"Una nini? Kifua?"

"Ule mwamba niliuvunja mimi."

"Wewe ulikuwa unaendesha, baba, najua. Ulitumwa."

"Sikutumwa." Amelishika geti. "Alinikataza. Alinikataza mara mbili, ya pili akiwa garini, anampeleka mama yako hospitali. Nilimsikia vizuri. Nikauvunja, nikaufukia, nikapitisha mashine juu. Aliporudi nikamwambia ulikuwa umeoza. Akasema haya. Alichokwambia wewe alikitoa kwangu. Hakukudanganya. Alidanganywa."

Nesi amesogea. Mwavuli unaburuta ncha yake chini. "Rudia," anasema.

Anarudia, na safari hii sauti inawafikia vibarua. Mwenye kipara anavua kofia, anaivaa tena, hajui aifanye nini.

"Kwa nini?" Binti Mzee anauliza. "Ulikuzuia nini?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia miaka ishirini na minane, kwa kuwa jibu lake ni dogo mno.

"Mstari wangu ulikuwa unapinda," anasema. "Hatua sita. Niliona watu watakuja kutazama, watasema Kamba kakosea mwishoni."

Lori linapita barabarani, dereva anapunguza mwendo kuwashangaa, anaendelea.

"Sikwenda kumzika mtu huyu," Nesi anasema, si kwa yeyote. "Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nasikia wanaimba, nikafunga dirisha." Anakaa kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi. "Na mabati yake mazuri."

Binti Mzee amejifunika mdomo kwa mkono wenye spana. Machozi yanateremka na hayafuti. Anapopata sauti, inatoka ikiwa kali kuliko walivyowahi kuisikia. "Ile siku ya viti. Nilisimama pale mbele nikamtukanisha baba yangu, na wewe ulikuwa nyuma. Ulipiga hatua, nilikuona. Ulitaka kusema nini?"

"Hili."

"Ukauliza viti."

"Nikauliza viti."

Mwandishi amefunga daftari. Kamba anamwashiria alifungue. "Yaandike yote, na usiyapunguze. Baba yake alitaka mto unyooke, hilo ni lake, andika. La mwamba ni langu. Wanangu watasoma, wajukuu watasoma, basi wasome."

Kisha anamgeukia tena mwenye ardhi. Anasema anajua huenda leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa, na hatalalamika. Ila anaomba kitu kimoja. Yale mawe anataka kuyarudisha yeye, kwa mikono, moja moja, mshazari kama yalivyokuwa, maji yageuke kushoto hatua zile zile sita. Anakadiria itamchukua mpaka mvua zijazo. Ujira hataki.

Binti Mzee anainama, anaokota bolti lamini, anaisugua kutu kwa kidole gumba.

"Sijui nikuambie nini," anasema mwishowe. "Watu wote hapa wanajua ni wewe uliyenisaidia. Mimi mwenyewe nimelisema mara ngapi? Kila mgeni namwambia, bila mzee huyu nisingeweza."

"Ndiyo maana nakuomba uache kulisema," Kamba anasema. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. "Sikuja kukusaidia, mwanangu. Miaka sita nachimba hapa, kila gogo nililochomeka, kila asubuhi ile na vijiti, nilikuwa nataka kusema neno moja na mdomo unakataa. Nisamehe. Nesi, na wewe nisamehe. Ndilo hilo nililokuwa nasema siku zote."